Chuo Kisicho na Wanafunzi

“Wanatoa cheti?” Hilo ndilo swali la kwanza ninaloulizwa nikimwambia mtu kwamba usiku nina muhadhara wa mtandaoni wa chuo kimoja cha London. Nikisema hawatoi, wengi huishia hapo hapo. Wengine huniangalia kwa huruma, wakidhani nimetapeliwa na bado sijagundua. Siwalaumu. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari huku Muheza, na najua karatasi ina kazi gani katika nchi hii: ndiyo inayopandisha daraja, ndiyo inayoulizwa kwenye usaili kabla hujakalia kiti sawasawa. Mtu mzima akikesha kwa jambo lisilo na muhuri, ana haki ya kuulizwa maswali.

Chuo chenyewe kinaitwa Gresham College. Kilianza kufundisha mwaka 1597, kwa wasia wa mfanyabiashara tajiri, Sir Thomas Gresham, aliyefariki mwaka 1579. Aliagiza nyumba yake iliyokuwa Bishopsgate iwe makao ya maprofesa saba, wa elimu ya nyota, dini, jiometria, sheria, muziki, tiba na balagha, na kila mmoja atoe mihadhara kwa mtu yeyote wa mji atakayependa kuja, bila kulipa. Ndivyo kilivyo hadi leo. Hakisajili wanafunzi, hakitungi mitihani, hakitoi shahada, hakina hata ada ya fomu. Tangu mwaka 2001 kimekuwa kikirekodi mihadhara yake na kuiweka mtandaoni, na siku hizi mingi hurushwa moja kwa moja. Ukumbi wao wa sasa, Barnard's Inn Hall pale Holborn, nikiutazama kwenye simu naona kabisa kwamba ni mdogo kuliko bwalo la shule yetu.

Sikuanzia hapo. Nilianzia Marekani, Chuo Kikuu cha Yale, ambacho mwaka 2007 kilianza kuweka wazi kozi nzima nzima zilizorekodiwa darasani. Mojawapo ni ya kusikiliza muziki, ya Profesa Craig Wright, iliyorekodiwa mwaka 2008. Niliifuata kwa sababu ya kwaya. Ukiacha hisabati, mimi pia ni mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, sauti nne, kwa nota za solfa, na kama walimu wengi wa kwaya nilijua kuimbisha watu muda mrefu kabla sijajua kusikiliza. Wright anakaa kwenye piano mbele ya vijana wake na kuwafundisha kuuacha wimbo uende zake, wao wafuate besi tu, wajue inahama lini na inaenda wapi. Nililijaribu hilo ndani ya Coaster ya Tanga, dereva kaweka zilipendwa. Nikaziba mashairi, nikaziba magitaa ya juu, nikabaki na besi peke yake. Muziki niliousikia tangu utotoni ukawa mwingine kabisa. Kondakta alinitajia kituo mara mbili.

Lakini kwa Yale wewe ni mtu anayechungulia dirishani. Profesa anazungumza na wanafunzi wake, anawakumbusha kazi ya nyumbani ambayo wewe huna, anataja jaribio la Alhamisi ambalo lilishafanywa na kusahihishwa miaka mingi iliyopita. Unafaidi, ila hukualikwa. Gresham ilinikamata kwa sababu muhadhara wake unatungwa kwa ajili ya mtu wa aina yangu: ametoka kazini, amechoka, somo hili si lake, na baada ya saa moja ataondoka bila kudaiwa chochote. Msemaji analijua hilo. Hana mtihani wa kukutishia nao, kwa hiyo inambidi aeleze.

Sasa mambo ya saa na bando, maana hapo ndipo wengi huanguka. Mihadhara yao mingi ya jioni huanza saa kumi na mbili kwa saa za London. Katika miezi yao ya baridi, kwetu hiyo ni saa tatu usiku. Jumapili ya mwisho ya Machi wao husogeza saa mbele, kwetu ikawa saa mbili usiku, hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanaporudisha. Sisi hatusogezi chochote. Jua letu halina ugomvi na mtu. Marekani nao husogeza zao kwa tarehe tofauti, kwa hiyo ukifuatilia vyuo vya pande zote mbili, kuna wiki za Machi ambazo ratiba inavurugika kabisa. Mimi nimeandika tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani, ile ile tunayoandika siku za kulipa ada za watoto.

Ningeweza kusubiri rekodi. Tatizo la rekodi ni kwamba haiishi, na kwa kuwa haiishi, kila siku inafaa kuwa kesho. Muhadhara wa moja kwa moja una saa yake; mama watoto anajua, watoto wanajua, na hata jirani anayependa kuja kuazima chaja ameshajua. Ninafuatilia kwa sauti zaidi kuliko picha. Nikiona msemaji anaonyesha mchoro, napandisha picha. Akirudi kwenye maneno, naishusha hadi ile ya chini kabisa ambamo uso wa profesa unakuwa vipande vya vigae. Kwa bando la kawaida inatosha.

Msaada mkubwa kuliko yote ni maandishi. Gresham huweka kwenye tovuti yao maandishi ya mihadhara, na hayo hayali bando. Kiingereza cha kusoma ninakiweza vizuri. Cha kusikia, kikitoka kwa mtu anayemeza nusu ya maneno, kinanipiga chenga. Kwa hiyo mihadhara ya zamani naisoma kwanza, nikipigia mstari, ndipo naisikiliza. Kuna watu wataona hiyo ni kuharibu utamu. Kwangu mimi ni kinyume: nikishajua hoja inaenda wapi, ninapata nafasi ya kuona jinsi inavyojengwa, na hilo ndilo ninalolihitaji darasani.

Na kuhusu lugha, kuna kisa cha chuo hicho hicho ninachokipenda. Mwanzoni ilipangwa kwamba mihadhara itolewe kwa Kilatini asubuhi na kwa Kiingereza mchana, Kilatini kwa ajili ya wasomi na wageni, Kiingereza kwa ajili ya watu wa mji. Profesa wa kwanza wa muziki alikuwa John Bull, mpiga kinanda hodari aliyependekezwa na Malkia Elizabeth wa Kwanza mwenyewe. Ikaonekana kwamba Bull hawezi kuzungumza Kilatini. Hawakumfukuza. Walimruhusu afundishe kwa Kiingereza tu, nusu ya muda nadharia na nusu ya muda sauti na ala. Kila nikisikia mtu anasema kwamba elimu nzito haiwezi kusemwa kwa lugha ya sokoni, namkumbuka Bull. Mwaka 1597 lugha ya sokoni pale London ilikuwa Kiingereza.

Aliyenikalisha hasa ni Sarah Hart, mwanahisabati wa Birkbeck, Chuo Kikuu cha London. Mwaka 2020 alikuwa mwanamke wa kwanza kushika kiti cha jiometria cha Gresham tangu kianzishwe, na mihadhara yake ya mwanzo ilihusu hisabati ndani ya muziki na ndani ya uandishi. Mimi nafundisha uwiano kidato cha pili, jioni nafundisha d r m f s l t, yaani do re mi fa so la ti, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuviweka vitu hivyo viwili kwenye meza moja. Hart anaviweka kama mtu anayepanga vikombe, bila kelele. Nilipomaliza kusikiliza nilitaka kushika kitu kwa mikono.

Nikachukua ubao wa msonobari uliobaki kwenye ukarabati wa madawati, nikagongomea misumari miwili, nikavuta mshipi wa kuvulia samaki kati yake, nikaweka vijiti viwili chini ya mshipi, umbali wa sentimeta 90 kutoka kimoja hadi kingine. Ubao peke yake haukuwa na sauti, ukanung'unika tu. Nilipouweka juu ya debe tupu ukaanza kusema. Nikaingia nao kidato cha pili.

Ukipiga mshipi mzima wa sentimeta 90, iite hiyo d. Ukisogeza kijiti mpaka urefu wa 45, nusu kamili, unapata d ya juu. Hata mtoto ambaye hajawahi kuimba anaisikia kuwa ni ile ile imepanda ghorofani. Urefu wa 60, yaani theluthi mbili, unatoa s. Urefu wa 67.5, robo tatu, unatoa f. Wanafunzi waliokuwa wamelala kwenye uwiano kwa wiki nzima wakaanza kugombea rula. Mmoja alitaka tutafute m, tukakubaliana kuwa ni 72, maana 72 kwa 90 ni 4 kwa 5, na masikio yalikubali.

Kisha tukachukua vikokotoo. Mshipi ukibaki theluthi mbili, kasi ya mtetemo wake huwa mara 1.5, kwa hiyo kila ukipanda kutoka d kwenda s unazidisha mtetemo kwa 1.5. Kila ukipanda d hadi d unazidisha kwa 2. Ukipanda kwa hatua za d kwenda s mara 12, ungetegemea kuangukia kwenye d tena, ile ya saba kwenda juu. Nikawaambia wazidishe 1.5 kwa 1.5 hadi zitimie 1.5 kumi na mbili. Vikokotoo vikaleta 129.7463379. Nikawaambia wazidishe 2 kwa 2 hadi zitimie 2 saba. Vikaleta 128. Kukawa kimya, halafu kelele: nusu ya darasa ilidhani imekosea kubonyeza. Wakarudia. Ikaja ile ile. Tofauti hiyo, takribani robo ya hatua ndogo ya kinanda, wanahisabati wa Kigiriki waliijua tangu zamani na imebaki na jina la Pythagoras. Hakuna fundi anayeweza kuiondoa, kwa sababu ukizidisha tatu kwa tatu hata mara ngapi hutapata kamwe namba ambayo ni mbili mbili tupu. Anayetengeneza kinanda anaigawa tu: kila s anaishusha kidogo, badala ya 1.5 anaweka takribani 1.4983, na sote tunaendelea na maisha.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono. “Mwalimu, kwa hiyo kinanda kinadanganya?”

“Kidogo kidogo, kila mahali.”

“Na kwaya?”

Hilo swali lilinipeleka mazoezini Jumamosi nikiwa na hamu kubwa. Kwaya yetu, tukiimba bila kinanda, huanza doh ikiwa G na kumaliza mahali fulani karibu na F. Kila mwalimu wa kwaya anaujua ugonjwa huu. Waimbaji wasio na ala huvutwa na masikio kwenye sauti safi, zile za uwiano mdogo mdogo, na tofauti zile ndogo zinaweza kujikusanya njiani. Nikawaeleza kwa ubao na mshipi. Walisikiliza kwa heshima zote. Mzee mmoja wa besi, mkulima wa machungwa, akasubiri nimalize.

“Mwalimu, nimekuelewa. Hiyo tofauti ipo. Ila sisi tunashuka kwa sababu unatusimamisha saa mbili na watu wametoka shamba.”

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Tangu hapo nusu ya mazoezi tunaimba tumeketi, na pumzi tunazipanga kabla ya kupanga nota. Bado tunashuka, ila hatufiki F. Ubao na mshipi vimebaki na kazi nyingine: sauti ya tatu walikuwa hawaelewi kwa nini nawaambia m yao ipumzike, isikazwe kama ya kinanda, sasa wakisikia mshipi wa 72 wanaikuta wenyewe. Muhadhara wa London haukuniponyea kwaya. Ulinipa kitu cha kumwonyesha mzee, na mzee akanipa jibu.

Nimejifunza pia kwamba kusikiliza peke yangu kuna mwisho wake. Mtu akikueleza jambo vizuri, unapata ile raha ya kuelewa, na raha hiyo ina ulaghai ndani yake, kwa sababu asubuhi ukitakiwa kulisema unakuta umebaki na raha tu. Mwenzangu anayefundisha Kiingereza ndiye aliyeleta wazo la kurudia mihadhara kwa pamoja. Mwenye duka la steshenari karibu na stendi ana runinga bapa ambayo kazi yake ilikuwa kuonyesha mpira. Jumapili jioni akishafunga mashine ya fotokopi tunakaa kwenye benchi lake: yeye, mimi, mwalimu wa Kiingereza, afisa tabibu wa kituo cha afya, na fundi redio ambaye huja na maswali kabla muhadhara haujaanza. Kila dakika kumi tunasimamisha. Mwenye zamu anasema kwa Kiswahili alichosikia, bila kuangalia karatasi. Hapo ndipo mtu anapojijua. Fundi redio, aliyeishia darasa la saba, anaelewa mitetemo kuliko mimi mwenye shahada, kwa sababu maisha yake yote ametafuta stesheni kwa sikio.

Tunabishana sana. Muhadhara wa saa moja unachukua saa mbili na nusu, na kuna uliotushinda kabisa, wa muziki wa karne iliyopita ambao mwenye duka alisema ni sauti ya jenereta linalokataa kuwaka. Sikumpinga kwa nguvu.

Afisa tabibu ndiye aliyetutoa kwenye muziki. Alichagua muhadhara wa Chris Whitty, wakati huo profesa wa tiba wa Gresham, kuhusu namna ya kudhibiti mlipuko wa ugonjwa. Ulitolewa Oktoba 2018. Whitty huyo huyo alikuja kuwa sura ya kila siku ya Waingereza wakati wa UVIKO-19, akiwa mganga mkuu wa serikali ya Uingereza. Kumtazama akieleza kwa utulivu, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya dunia kufungwa, namna magonjwa yanavyosafiri, haya kwa maji, haya kwa mbu, haya kwa hewa, na namna kila njia inavyohitaji kukatwa kivyake, kulitufanya tunyamaze. Afisa tabibu akasimamisha, akatupeleka kwenye kipindupindu cha kwetu, mto upi, visima vipi, nani alikataa kuchemsha maji na kwa sababu gani. Hatukurudi kwenye video usiku ule.

Hapo nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimewahi kukaa kwenye muhadhara wa wazi uliokuwa na joto la watu. Nilikuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Aprili 2009, wakati wa tamasha la kwanza la Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika. Kigoda kilikuwa kimeanzishwa mwaka uliotangulia, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, na mgeni wa mihadhara alikuwa Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria. Ukumbi wa Nkrumah, ule uliozoeleka nyuma ya noti ya zamani ya shilingi mia tano, ulijaa hadi tukabaki nje, tukisikiliza kupitia kuta zake zilizo wazi. Sikuona uso wa Soyinka ila kwa kupenya penya. Lakini nilisikia watu. Msemaji akigusa jambo, mnong'ono unapita ukumbini, mzee fulani anasema “eeh!” kwa sauti, kijana wa siasa anaguna, na wewe uliyekuwa hujaelewa unajua kwamba hapo pana kitu. Jioni mabwenini ubishi uliendelea hadi maji ya ndoo yakapoa.

Simu haikuletei hayo. Muhadhara wa mtandaoni unaletwa ukiwa umevuliwa watu, na ndiyo maana nasema inabidi msikilizaji atafute watu mwenyewe. Vyuo vyetu hapa nchini vina mihadhara ya wazi mizuri, ya uprofesa, ya kumbukumbu, maonyesho ya ngoma na tamthilia za wanafunzi wa sanaa, na mingi inaishia kwa waliokuwepo. Zikipatikana rekodi, huanza na nusu saa ya utambulisho wa wageni waalikwa na itifaki kuzingatiwa. Ningelipewa mkasi ningeanzia hapo.

Mwaka huu tukaamua tuwe na muhadhara wetu. Msemaji alikuwa mzee wa Ngamiani, Tanga mjini, aliyepiga gitaa miaka mingi katika vikundi vya taarabu. Tanga ina historia yake hapa: vikundi kama Black Star na Lucky Star ndivyo vilivyoipa taarabu magitaa ya umeme, wakati Unguja walikuwa wakishikilia ala za udi, kanuni na fidla. Tulimwalika kwa sababu ya ile 129.7463379. Nilitaka kujua mtu wa gitaa anasemaje.

Alikuja na gitaa kwenye mfuko wa salfeti. Tulimpa shikamoo, tukampa kiti, akakataa kipaza sauti. Nikamweleza kwa ufupi habari ya mshipi na debe. Akaupiga mshipi wangu kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa adabu, akauweka chini.

“Wanangu, udi hauna freti, vile vyuma vya shingoni mwa gitaa,” akasema. “Kidole kinasimama kinapotaka. Kanuni nayo ina vyuma vidogo vya kupandisha na kushusha, unavibana kabla ya kuanza. Sisi tuliposhika gitaa, freti zilikuwa zimeshapigwa kiwandani. Aliyezipiga hajui ngazi zetu za sauti, rasti wala bayati. Sasa mwimbaji wangu anataka ile nota ya tatu ya rasti, iliyo katikati. Nifanyeje?”

Akabonyeza uzi kwenye freti ya chini kidogo ya m, akaupiga, kisha akausukuma pembeni kwa kidole mpaka sauti ikapanda, ikapita mahali ambapo kinanda kina kitufe cheusi, ikasimama kabla ya kufika kitufe cheupe. Akaishikilia hapo. Vijana wa kwaya yangu walioalikwa walijaribu kuiimba. Wa sauti ya kwanza walizidisha, wakaangukia m. Wa sauti ya nne walipunguza mno. Mzee akawasubiri, akiusukuma uzi tena na tena, ncha ya kidole chake ikiwa ngumu na nyeupe kama mfupa, mpaka mama mmoja wa sauti ya pili akaikuta. Alipoikuta, mzee akanyamazisha gitaa amwache peke yake.

Fundi redio akauliza kama waimbaji wa taarabu walikasirika magitaa yalipoingia. Mzee alisema wengine walikasirika, wengine walibadilisha nyimbo ili zikae kwenye freti, na kwamba muziki wa Tanga ulipata sura yake humo humo kwenye ugomvi. Nilikuwa nimeandaa maswali ya hisabati. Sikuyauliza hata moja.

Tulipomaliza, akafunga mfuko wake, akanivuta kando. “Mwalimu, nimeona tangazo lenu limeandikwa bure. Bure kwa nani? Mimi nauli na siku yangu vipi?”

Tulikuwa tumemwandalia nauli na chakula, lakini siku yake hatukuwa tumeifikiria, na alikuwa na haki. Jumapili iliyofuata hilo ndilo lilikuwa somo. Nikawaambia wenzangu jinsi Gresham alivyolitatua. Alikuwa amejenga soko la wafanyabiashara, Royal Exchange, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1571, lenye maduka ya kupangisha. Katika wasia aliacha mapato ya jengo hilo mikononi mwa mji wa London na chama cha wafanyabiashara cha Mercers, ili kutokana nayo maprofesa walipwe pauni 50 kila mmoja kwa mwaka. Pande hizo mbili ndizo zinazokisimamia chuo hadi leo.

“Kumbe ni kodi ya fremu!” akasema mwenye duka. Nilimwona anapiga hesabu.

Tumekubaliana hivi. Msimu wa mitihani ya moko, shule zote za jirani zinapotoa kopi kwa marundo, anatenga sehemu ya mapato ya fotokopi kwa ajili ya msemaji: nauli, chakula, na malipo ya siku kama anavyolipwa fundi wa kawaida. Sisi wengine tunachangia kilichopungua. Fungu la kwanza limeshapatikana. Mzee wa Ngamiani atarudi, safari hii na udi wa kuazima, na baada yake afisa tabibu atazungumzia kipindupindu, yeye akisema hatachukua malipo na sisi tukisema atachukua. Binti wa dawati la nyuma anachapa kwenye kompyuta ya duka maneno ya mzee kutoka kwenye rekodi ya simu, kwa sababu sauti ya gitaa imefunika sehemu nyingi na hakuna aliye tayari kuzibahatisha. Mwenye duka ameweka sharti moja: mihadhara isianze saa tatu usiku kama ya London. Ianze saa kumi na mbili jioni, kabla hajafunga mashine, ili anayetaka maandishi alipie kopi yake.